Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kudungwa Ganzi ya Mkono

Ukivunjika kifundo cha mkono na daktari akasema utawekwa chuma, huenda ukaambiwa hutapewa nusukaputi. Utadungwa sindano juu ya mtulinga au kwapani, dawa izunguke neva, na baada ya dakika 15 hadi 30 mkono mzima ufe ganzi nawe uko macho. Ganzi hiyo ni nzuri, mimi nimepigwa na ningekubali tena. Lakini usijiandae kwa upasuaji tu. Jiandae kwa usiku wake.

Kufunga kula: usile chakula muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, na chai ya maziwa ni chakula. Maji matupu, yaache muda wa saa 2 kabla. Usiseme ni mkono tu. Sindano isiposhika watakulaza kwa nusukaputi, na tumbo lenye chakula ni hatari.

Pete na bangili zivue nyumbani, kwa sabuni, kabla vidole havijavimba zaidi. Kama una piko kwenye kucha, sema mapema, kwa sababu kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kinaweza kusoma vibaya.

Mwambie daktari wa ganzi kila kitu: dawa za kuzuia damu kuganda, mzio, sukari, vidole vilivyokuwa na ganzi tangu zamani. Pumu au shida ya mapafu usiisahau, maana sindano ya juu ya mtulinga inaweza kulegeza upande mmoja wa msuli wa kupumulia kwa saa kadhaa. Na wakati unadungwa, ukihisi ulimi unakufa ganzi, masikio yanavuma au mdomo una ladha ya chuma, sema hapo hapo.

Sasa hili lililonitesa. Nilidungwa saa tisa alasiri. Magharibi niko nyumbani Majengo, Mombasa, mkono umening'inizwa kwa leso, vidole nikivigusa ni kama nimeshika vidole vya mtu mwingine. Uchungu hakuna hata chembe. Wifi yangu akaja na ile karatasi ya dawa: "Wifi, nipe pesa nikachukue dawa kabla hawajafunga." Nikamwambia, "Kesho, wifi. Kwani nani anaumwa?" Tukala wali wetu, nikalala.

Saa tisa ya usiku niliamshwa na kidole gumba. Kilikuwa kinawasha kama sisimizi wanatembea ndani yake. Nikafurahi, nikajua mkono unarudi. Haikufika nusu saa. Maumivu yalikuja yote pamoja, kama kaa la moto limewekwa ndani ya plasta, nikawa nauma mto watoto wasisikie. Wifi akatoka na karatasi mkononi. Duka la dawa la karibu limefungwa, la pili limefungwa. Alirudi na vidonge wakati wa adhana ya alfajiri, na hata baada ya kuvimeza nililia mpaka jua likatoka.

Baadaye daktari alinieleza kuwa jambo hili linajulikana. Ganzi haiponyi kitu. Inazuia tu habari za maumivu zisifike ubongoni. Ikiisha ghafla na mwilini hamna dawa nyingine, mfupa uliotobolewa kutiwa skrubu unaanza kuuma kwa mara ya kwanza, kwa nguvu zote. Na kwa kuwa wengi hupasuliwa mchana, ganzi huwaishia usiku.

Kwa hiyo, kabla ya kudungwa uliza: ni dawa gani ya ganzi, na itaisha saa ngapi? Lignokeini huisha baada ya saa chache. Bupivakeini inaweza kukaa saa 12 hadi 18, pengine zaidi. Hesabu kwa vidole. Ukipewa karatasi ya dawa, zinunue kabla hujapanda tuktuk ya kwenda nyumbani. Meza kidonge cha kwanza mkono ukiwa bado umekufa, hata kama huumwi, kisha tega kengele ya simu kwa zamu inayofuata. Fuata kipimo ulichoandikiwa. Paracetamol kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na dawa nyingi za mafua zina paracetamol pia, usizichanganye. Diclofenac na ibuprofen usizimeze bila kuuliza kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba.

Mkono uliokufa ganzi haujui moto. Kaa mbali na jiko. Ukilala uweke juu ya mito, uwe juu kuliko moyo, usiuache uning'inie kitandani. Tazama vidole mara kwa mara: vikiwa baridi, vikigeuka rangi, plasta ikibana, au maumivu yakizidi kila unaponyooshwa kidole na dawa haisaidii, rudi hospitali usiku huo huo. Kifua kikibana au pumzi ikiwa fupi, vilevile. Ganzi ikipita muda ulioambiwa, piga simu uulize. Usilale peke yako. Simu iwe na chaji, na namba ya dereva wa tuktuk anayepokea usiku iwe tayari. Na kama unakaa Likoni na hospitali yako iko kisiwani, hesabu na muda wa kungoja feri.