Kufuatilia Ukoo wa Uskoti: Anza na Cheti cha Kifo

Wengi wenye babu Mskoti huanza na simulizi: "Sisi ni ukoo wa Campbell," na skafu ya tartani, kitambaa cha miraba cha Kiskoti, kama ushahidi. Hiyo iweke kando kwanza. Akina Campbell wamejaa tele Uskoti, na tartani anauziwa yeyote mwenye pesa.

Hatua ya 1: cheti cha kifo. Ingia ScotlandsPeople, tovuti rasmi ya kumbukumbu za taifa zilizoko Edinburgh. Kutafuta jina ni bure. Unalipia kuona nakala ya ukurasa. Usajili wa serikali ulianza 1855, na tangu hapo cheti cha kifo humtaja baba na mama wa marehemu, tena mama kwa jina la ukoo wa kwao. Karatasi moja, vizazi viwili. Ila angalia nani alitoa taarifa: mtoto wa marehemu huwajua babu na bibi yake, mpangaji anabahatisha tu.

Hatua ya 2: sensa. Zilizo wazi ni za kila miaka kumi, 1841 hadi 1921. Kila moja hufungwa kwa miaka 100. Ya 1841 ina mtego: umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi namba ya karibu inayogawanyika kwa tano, kwa hiyo "30" yaweza kuwa 34, na haisemi nani ni nani kwa mkuu wa kaya. Kuanzia 1851 utaona uhusiano na parokia ya kuzaliwa. Mimi naipenda zaidi ya 1911, kwa sababu wanawake walioolewa waliulizwa wamezaa wangapi na wangapi wako hai. Ukikuta 9 na 6, kuna watoto watatu wa kutafutwa kwenye vifo.

Soma ukurasa mzima, usiishie kwenye mstari wako. Mama mkwe anayeishi humo kwa jina tofauti anaweza kukufungulia upande wa pili wa familia.

Hatua ya 3: vitu vya urithi. Medali ya Vita vya Kwanza vya Dunia, igeuze utazame ukingoni: kwa kawaida pana namba, cheo, jina na kikosi. Kijiko cha fedha chenye muhuri wa ngome huenda kilipimwa ubora wa fedha yake Edinburgh, na herufi iliyo kando hutaja mwaka. Biblia ya familia, soma kwanza mwaka wa kuchapwa. Ikiwa ni 1870 na watoto waliozaliwa 1830 wameandikwa kwa wino na mkono uleule, aliyeandika alitegemea kumbukumbu.

Hatua ya 4: kabla ya 1855. Hapa unabaki na madaftari ya parokia, na mapengo ni mengi. Desturi ya majina husaidia: mara nyingi mtoto wa kiume wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Si sheria, ni dokezo. Wa pili akiitwa Archibald, mtafute Archibald upande wa mama, katika parokia ileile, kabla hujalipia ukurasa mwingine.