Kabla hujapiga simu IRS kuhusu deni la kodi

Ndugu zetu mlio Marekani, bahasha ya IRS, yaani mamlaka ya kodi ya serikali kuu ya Marekani, ikifika, ifungueni siku hiyohiyo. Kwenye kona ya kulia kuna namba ya barua. CP14 maana yake unadaiwa. CP2000 bado si deni: wanasema mapato waliyotaarifiwa hayalingani na uliyoandika, na una haki ya kupinga kwa vielelezo. LT11 ni nzito. Unazo siku 30 za kuomba usikilizwe kabla hawajagusa mshahara au akaunti yako ya benki.

Kinachowaumiza wengi ni kukaa bila kuwasilisha ritani, yaani fomu ya mwaka ya kutangaza mapato na kodi, eti kwa sababu hela hakuna. Tuseme unadaiwa dola 4,000. Ukiwasilisha kwa wakati lakini ukachelewa kulipa miezi mitano, adhabu ni nusu asilimia kwa mwezi, yaani dola 100. Usipowasilisha kabisa, ndani ya miezi hiyohiyo adhabu inafika dola 1,000. Riba iko pembeni. Kwa hiyo wasilisha, hata kama mfukoni hamna kitu. Na ukiomba nyongeza ya muda hadi Oktoba 15, ujue umeongezewa muda wa kuwasilisha tu. Malipo yalitakiwa Aprili.

Halafu hakikisha deni lenyewe ni sahihi. Mnaoendesha teksi za programu, tazameni fomu 1099-K, taarifa ya malipo yaliyopitia kwenye programu: mara nyingi inaonyesha nauli yote aliyolipa abiria, pamoja na kamisheni ambayo hamkuipata. Kamisheni hiyo ni gharama, iondoeni kwenye mapato. Maili za kazi nazo zilihesabiwa senti 70 kila moja kwa mwaka 2025, kwa hiyo maili 10,000 zinaondoa dola 7,000 kwenye mapato yanayotozwa kodi. Ila lazima uwe umeziandika: tarehe, ulikotoka, ulikokwenda, kwa kazi gani. Daftari la shilingi mbili linatosha.

Deni likibaki, omba kulipa kidogo kidogo. Wanaodaiwa hadi dola 50,000 kwa kawaida wanaomba mtandaoni. Kama miaka mitatu iliyopita hukuwa na adhabu, omba ya safari hii ifutwe. Watu hawaombi, na kuomba ni haki yao. Matangazo ya kumaliza deni kwa malipo madogo yapokeeni kwa tahadhari: mpango huo upo kweli, lakini IRS hupima kwanza kipato na mali zako, na ritani zote zinazotakiwa lazima ziwe zimewasilishwa.

Siku ya kupiga simu, uwe na barua, ritani ya mwaka jana na namba yako ya Social Security au ITIN (namba ya kodi kwa wasio na Social Security). Omba mkalimani wa Kiswahili, hulipii chochote. Tafadhali msimkabidhi mtoto kazi hiyo kwa vile anajua Kiingereza. Kwa wenye kipato kidogo, kuna kliniki za walipakodi zenye wanasheria, bure au kwa ada ndogo, na zinaweza kukuwakilisha mbele ya IRS.