Somo: Kuchagua foki ya kubadilisha kwenye baiskeli ya zamani ya kila siku

Usiitupe foki ya zamani, yaani ule uma wa mbele unaoshika gurudumu. Hata kama imepinda kama kiwiko, ndiyo itakayokupa vipimo. Wengi huichomoa, wakaitupa kwenye vyuma chakavu, halafu ndipo wanaanza kuuliza saizi.

Majina tutakayotumia: shingo ni bomba linaloingia ndani ya fremu, mabega ni pale miguu miwili inapokutana, na midomo ni nafasi za chini zinazoshika ekseli.

Hatua ya 1: Kagua fremu. Foki haipindi yenyewe, kuna kitu iligonga. Pitisha kidole upande wa chini wa mabomba mawili ya fremu, nyuma kidogo ya pale shingo inapoingia. Ukikuta rangi imekunjamana au kuna kinundu, fremu nayo ilipokea kipigo, na foki mpya haitakuokoa.

Hatua ya 2: Pima shingo. Chukua kalipa (kipimo chenye taya kinachosoma sehemu za milimita), si rula. Baiskeli nyingi za zamani zina shingo ya inchi 1, yaani 25.4 mm kwa nje. Foki nyingi zilizokuja baadaye ni 28.6 mm, haziingii kabisa. Za Ufaransa za zamani ni 25 mm, na hapo ndipo watu hunaswa, maana kwa macho huioni tofauti.

Kisha pima urefu, kuanzia pale koni ya chini (pete inayokaa juu ya mabega, gololi zinapozunguka) inapokaa hadi ncha ya juu. Shingo ikizidi kidogo, washa zinajaza nafasi. Ikizidi sana, inakatwa. Ila usinunue foki yenye uzi mrefu kupita kiasi kwa matumaini ya kuikata. Kabari ya stemu (kile kipande kinachoshika usukani na kuingia ndani ya shingo) inatakiwa kubana chini ya uzi, kwenye chuma kizima, kwa sababu penye uzi ukuta wa bomba ni mwembamba. Shingo ikiwa fupi, nati ya juu haipati uzi wa kutosha. Iache.

Hatua ya 3: Uzi. Hapa ndipo foki nyingi huharibikia. Uzi wa kawaida wa shingo ya inchi 1 ni meno 24 kwa inchi. Raleigh, watengenezaji wa baiskeli wa Nottingham, Uingereza, walitumia 26 kwenye baiskeli zao nyingi za zamani. Kipimo cha haraka ni nati yako mwenyewe: ifunge kwa vidole viwili tu. Ikizunguka laini mpaka chini, sawa. Ikienda mizunguko miwili kisha ikawa ngumu, simama hapo hapo.

Mimi sikusimama. Niliweka spana nikidhani ni kutu. Ilipofika nusu nikaona unga wa chuma unang'aa kwenye grisi, na nilipoifungua, meno ya foki mpya yalikuwa yamelala upande. Foki ile sasa inashikilia mlango wa banda la kuku.

Hatua ya 4: Gurudumu na mwinamo. Usiamini neno "28" (inchi za gurudumu) peke yake. Kwa kipenyo cha pale tairi linapokaa, rimu za 28 za breki za fimbo (zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya) ni 635 mm, za 700C ni 622, na 26 × 1 3/8 ni 590. Pima foki kutoka katikati ya ekseli hadi chini ya koni. Kila 20 mm inayozidi foki ya zamani hulaza pembe ya mbele kwa takriban digrii 1, na usukani unakuwa mvivu.

Halafu angalia miguu ilivyochomoza mbele. Weka rula ndefu ifuate mstari wa katikati ya shingo, upime umbali kutoka hapo hadi katikati ya ekseli. Foki za zamani huchomoza sana. Ukiweka iliyonyooka, usukani unakuwa mzito kwenye mwendo wa polepole na kidole cha mguu kinagusa madigadi unapokata kona.

Hatua ya 5: Midomo na breki. Habu (vitovu vya gurudumu) za sasa za mbele zina upana wa 100 mm, na nyingi za zamani ni nyembamba zaidi. Foki ya chuma inapanuliwa milimita chache; ya alumini, usithubutu. Ekseli ya 9 mm ikikataa kuingia, chonga midomo kwa tupa, taratibu, pande zote sawa.

Maswali ya wanachama

*Fundi, nimepata foki ya shokomzoba ya baiskeli ya milimani. Ni nzuri kweli. Naweza kuifunga?*
Uzuri wake nauamini. Lakini ni ndefu mno kwa fremu yako, na huenda shingo ni 28.6. Muuzie mwenye baiskeli ya milimani.

*Shikamoo fundi. Foki yangu imerudi nyuma kidogo tu. Si inanyooshwa?*
Marahaba. Kama ni mdomo mmoja umehama kidogo na foki ni ya chuma, ndiyo. Kama imepindia karibu na mabega au kwenye shingo, hapana. Chuma kilichokunjwa na kukunjuliwa pale hukatika bila kuaga.

*Foki niliyoipata ni ya meno 24, vikombe vyangu vya gololi za shingo ni vya 26. Nibadilishe nati tu?*
Nati peke yake haitoshi, kikombe cha juu nacho kina uzi. Badilisha seti nzima, pamoja na gololi na koni. Pima kwanza tundu la fremu na kikao cha koni kwenye foki: kuna koni za 26.4 mm na za 27.0 mm, na ya 27.0 kwenye kikao cha 26.4 itacheza.

*Nataka kuachana na breki za fimbo. Foki yenye tundu kwenye mabega inatosha?*
Tundu litashika breki, lakini itabana wapi? Rimu ya fimbo ina ubavu wa mviringo, raba haipati pa kukaa. Badilisha na rimu, na kabla ya kununua breki pima kutoka kwenye tundu hadi ubavu wa rimu mpya. Mikono mifupi haifiki.