Jinsi ya Kusoma Mwamba wa Kale

Ukiwa Nairobi, usianze na mawe ya Ndarugo yaliyojenga nyumba yako, kwa kuwa hayo ni majivu ya volkano ya juzi tu kijiolojia. Nenda Migori au Kakamega, kwenye miamba yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Tafuta lava yenye umbo la mito ya kulalia, ishara kwamba iliganda chini ya maji. Kisha maabara ipime, ndani ya chembe za zirkoni (madini magumu yanayodumu sana), urani ambayo hugeuka madini ya risasi kwa kasi isiyobadilika, na hivyo kufichua umri wake. Zirkoni kongwe za Jack Hills, Australia, zina miaka bilioni 4.4, na oksijeni iliyomo katika baadhi yake huashiria ganda la dunia lililokwisha kukutana na maji. Kuhusu lini mabamba, yaani vipande vikubwa vya ganda la dunia, yalianza kusogea, usiharakishe kuamua: wanajiolojia wangali wanabishana.