Amepona bila dawa? Namna ya kulinganisha mashine mbili za vitamini D

Habarini wadau wa maabara. Mama mmoja alinijia hapa Moshi na karatasi mbili za majibu. Ya kwanza, aliyopimwa hapa mjini, ilisema 17. Ya pili, ya Arusha, siku sita baadaye, ilisema 61. Vidonge alikuwa hajameza hata kimoja, akauliza amepona vipi.

Ya pili ilikuwa imeandikwa kwa nanomoli kwa lita. Gawanya kwa 2.5 upate nanogramu kwa mililita, kipimo cha karatasi ya kwanza: 24.4. Bado kuna pengo la 7 hivi, na kiwango ambacho wengi hukiita upungufu ni chini ya 20. Yaani maabara moja inampa dawa, nyingine inamrudisha nyumbani. Pengo hilo ndilo somo la leo.

Hatua ya 1: Hakikisheni mnapima kitu kimoja. Kinachotakiwa ni 25-hidroksi vitamini D, umbo linaloonyesha akiba ya mwili, ambalo huchukua wiki mbili hadi tatu kupungua hadi nusu kwenye damu. Ile ya 1,25, umbo linalofanya kazi mwilini, hupungua ndani ya saa chache, na inaweza kuonekana ya kawaida au hata kupanda wakati akiba imekwisha, kwa sababu homoni ya paradundumio (tezi ndogo za shingoni) huisukuma figo iitengeneze. Nimeona fomu zimewekwa tiki kisanduku kisicho chake zaidi ya mara moja.

Hatua ya 2: Ijue mashine inavyofanya kazi. Hapa msiharakishe. Vitamini D haitembei peke yake kwenye damu. Imeng'ang'aniwa na protini inayoibeba, na lazima ing'olewe kwanza ndipo ihesabiwe. Mashine nyingi za hospitali zetu hutumia kingamwili. Vitamini ya mgonjwa hugombea nafasi kwenye kingamwili na vitamini iliyowekewa alama inayotoa mwanga. Ya mgonjwa ikiwa nyingi, mwanga hupungua. Tatizo ni kwamba kitendanishi (kemikali ya kipimo) cha kung'olea hakiwezi kuwa kikali sana, kitaharibu kingamwili yenyewe. Kwa hiyo baadhi ya mashine huacha sehemu ya vitamini D imeshikwa, na kwa wajawazito, ambao protini hiyo huongezeka, majibu yanaweza kupotoka. Halafu kuna D2 na D3, aina mbili za vitamini hii: kingamwili nyingine huiona D2 nusunusu.

Njia ya kromatografia (hutenganisha kemikali kwenye safu) pamoja na spektrometa ya masi (huzitambua kwa uzito wake) hutumia vimiminika vikali kama methanoli, hutenganisha D2 na D3, na ndiyo tunayoilinganishia nyingine. Lakini msiisujudie. Watoto wachanga wana pacha wa vitamini hii, epima ya C3, mwenye uzito uleule. Safu ya kutenganishia isipomchuja, anahesabiwa naye na jibu linapaa. Kingamwili nyingi hazimtambui kabisa, kwa hiyo hapo mashine ya bei ndogo inaweza kuwa karibu zaidi na ukweli.

Hatua ya 3: Kusanya sampuli 40 au zaidi, za chini, za kati na za juu. Usichukue wafanyakazi wenzako 40, wote watakuwa na majibu yanayofanana. Tafuta wazee wasiotoka nje, wanaotumia vidonge, na wanaoshinda juani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kwa Wamasai na Wahadzabe wa hapa Tanzania ulipata wastani wa nanomoli 115, yaani 46 kwa kipimo chetu kingine. Wachungaji watakujazia upande wa juu.

Hatua ya 4: Pima. Kontroli kwanza, yaani sampuli ambazo majibu yake yanajulikana. Kila sampuli mara mbili, mashine zote mbili siku hiyohiyo, na kazi igawanywe kwa siku tano.

Hatua ya 5: Chora tofauti. Mlalo uwe wastani wa mashine mbili, wima uwe tofauti yake. Mfano wa kujitungia: wastani wa tofauti ni -4, mchepuo sanifu (kipimo cha jinsi tofauti zinavyotawanyika) 3. Zidisha 3 kwa 1.96: tofauti nyingi zitakuwa kati ya -9.9 na +1.9. Mwisho hesabu ni wagonjwa wangapi wamevuka mstari wa 20 kwa kubadilisha mashine tu. Namba hiyo ndiyo daktari ataielewa.

MASWALI YA WADAU

*Mwalimu shikamoo. Uhusiano (korelesheni) wa majibu ya mashine zetu mbili umetoka 0.97. Si inatosha?*

Marahaba. Haitoshi. Mashine moja ikisoma nusu ya mwenzake siku zote, uhusiano utakuwa 1 kamili, na nusu ya majibu yako ni uongo.

*Nipo Karatu, tuna mashine moja tu. Nilinganishe na nini?*

Gawa seramu (majimaji ya damu iliyoganda) kwenye vichupa viwili, kimoja kigandishe nyuzi -20 na ukisafirishe kwenye barafu hadi maabara yenye spektrometa. Kisiyeyuke njiani na kugandishwa tena. Pia kuna mpango wa nje wa kukagua ubora uitwao DEQAS, unaoendeshwa kutoka London tangu 1989. Wao hukuletea sampuli na kukuonyesha umesimama wapi kati ya wenzako.

*Mkuu, dada mmoja anameza vidonge vya nywele na kucha. Vina shida?*

Vikiwa na biotini (vitamini ya kundi B) nyingi, ndiyo. Mashine zinazotumia streptavidini, protini inayonasa biotini, zinaweza kutoa vitamini D ya juu ya uongo. Asome kijikaratasi cha kitendanishi aone muda wa kuacha kabla ya kutoa damu.

*Tunaletewa watoto wenye matege kutoka Maji ya Chai. Nianze na vitamini D?*

Pima, lakini usiishie hapo. Maji ya upande ule wa Meru yana floridi nyingi, nayo hupinda mifupa. Ongeza vipimo vya damu vya kalisi, fosfeti na kimeng'enya cha fosfatasi ya alkali, daktari aombe eksirei ya magoti na vifundo vya mikono. Angalia na meno kama yana rangi ya kahawia, na umuulize mzazi mtoto anakunywa maji ya kisima kipi.