Posti yako ikifutwa, jua kwanza nani kaifuta

Nasimamia kurasa za wafanyabiashara wa Kariakoo na pembezoni mwake: maduka ya vitenge, vijana wa simu wa Mtaa wa Aggrey, mama mmoja wa vipodozi, na kaka muuza nyama anayechukua mzigo wake machinjio ya Vingunguti. Simu ninazopigiwa zaidi ni za mtu analalamika, "Wamenifutia!" Nami namuuliza: nani? Wengi hawajui, na hapo ndipo wanapopoteza haki yao, maana kila mfutaji ana mlango wake wa kubishia, na milango mingine inafungwa mapema.

Kabla ya kubishana na yeyote, piga skrinshoti ya taarifa nzima uliyotumiwa. Ionekane tarehe, jina la kanuni unayodaiwa kuivunja, na namba ya kumbukumbu kama ipo. Usiiweke posti ileile tena kwa hasira, kwa sababu itahesabiwa kosa la pili na akaunti nzima inaweza kuondoka. Halafu mtumie kiungo cha posti ndugu aliye Mombasa au Nairobi. Yeye akiiona na wewe huioni, basi haikufutwa, imezuiwa huku kwetu tu. Mei 2025 mtandao wa X ulipozuiwa nchini Tanzania, watu walihangaika kutuma rufaa kwa kampuni wakati kampuni haikuwa imegusa chochote. Na usikimbilie VPN, ile programu ya kukwepa kuzuiwa kwa kupitia mtandao wa nchi nyingine, bila kujua kwamba tangu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, inawataka wanaoitumia wajisajili.

Ukikuta aliyefuta ni kampuni yenyewe, ambayo ndiyo hali ya mara nyingi, isome ile kanuni waliyoitaja kabla hujaandika neno. Kaka wa nyama alifutiwa video kwa kosa la ukatili. Mbuzi ameshachunwa, ananing'inia kwenye ndoano, naye anaonyesha wapi paja linaachana na nyonga. Rufaa aliyoandika mwenyewe ilisema wanamwulia biashara na ana watoto shuleni. Ni kweli tupu, na mimi roho iliniuma kuisoma, ila anayeipokea ana kanuni moja mbele yake na anataka kujua kama imevunjwa au la. Tukaandika upya hivi:

"Video inaonyesha ukataji wa nyama ya mbuzi buchani. Mnyama alikwishachinjwa kabla ya kurekodi. Hakuna mnyama anayeteswa. Lengo ni kuwaonyesha wateja sehemu za nyama. Kanuni yenu imetenga maandalizi ya chakula. Naomba mtu aitazame upya."

Video ilirudi. Tazama mpangilio wake: kinachoonekana, kisichokuwemo, lengo, kipengele cha kanuni yao wenyewe, kisha ombi. Sentensi fupi fupi, maana huenda ikasomwa kupitia tafsiri ya mashine.

Kwa Facebook, Instagram na Threads, ukikataliwa mwisho kabisa unaweza kupewa namba ya kupeleka shauri kwenye Oversight Board, bodi huru inayopitia maamuzi ya Meta, kampuni yenye mitandao hiyo, iliyoanza kupokea mashauri mwaka 2020. Una siku 15 tu. Wanachagua mashauri machache mno, hivyo peleka lile linalowagusa wengi, si la tangazo lako la viatu.

Posti ikiondolewa kwa sababu ya hakimiliki, mara nyingi ni muziki uliowekwa nyuma ya video. Aliyelalamika ndiye anayeweza kuondoa malalamiko yake, kwa hiyo mtafute yeye au menejimenti yake mzungumze.

Serikali ikihusika, mambo yanabadilika. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, zilizotungwa chini ya sheria ya mawasiliano ya EPOCA ya 2010, zimeupunguza muda wa kuondoa maudhui yaliyokatazwa kutoka saa 12 za kanuni za 2018 hadi saa 2. Saa mbili! Hapo hakuna nafasi ya kutafakari, na kampuni ikiogopa itafuta kwanza. Ukiitwa mbele ya Kamati ya Maudhui ya TCRA, nenda na maelezo ya maandishi, na uamuzi ukikuumiza unaweza kukata rufaa kwenye Baraza la Ushindani. Usome muda wa rufaa uliotajwa kwenye barua siku hiyohiyo unapoipokea. Lakini wito ukiwa wa polisi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, usiandike wala kusema lolote kabla hujaonana na wakili.

Jihadhari pia na wale wanaojitokeza kwenye maoni wakikuahidi kurudisha akaunti kwa laki mbili. Watakuomba nenosiri, au namba za siri zilizotumwa kwenye simu yako, na hapo umekwisha. Rufaa ya kweli inaanzia ndani ya programu yenyewe na ni bure.

Kinachonikera ni kwamba haya tunayoyapapasa, wengine wanayo kisheria. Mwenye duka la vitenge ana dada yake Hamburg. Dada huyo akifutiwa posti, Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya inailazimisha kampuni imweleze sababu na imwambie kama mashine ndiyo iliyoamua, na kwa miezi sita anaweza kulalamika bure na asijibiwe na mashine peke yake. Mitandao yenye watumiaji milioni 45 na zaidi kule Ulaya inabanwa kuliko mingine, na faini inaweza kufika asilimia 6 ya mapato yao ya mwaka duniani kote. Dada mtu ana haki hiyo, mdogo wake wa Kariakoo hana, na vitambaa wanauza vilevile. Kanuni zetu zinamwambia anayeposti nini asiseme. Zinahitaji pia kuiambia kampuni imjibu vipi yule inayemfutia.

Kwa hiyo wizara au TCRA wakitangaza kupokea maoni juu ya marekebisho ya kanuni, usiwaachie mawakili. Andika ukurasa mmoja. Omba sababu ya maandishi kwa Kiswahili, rufaa inayosomwa na binadamu anayeijua nchi hii, na muda wa kujitetea kabla ya kufutiwa pale ambapo hakuna hatari kwa maisha ya mtu. Eleza kisa chako kimoja na hasara uliyopata kwa shilingi. Peleka nakala mbili, na hiyo unayobaki nayo hakikisha imegongwa muhuri wa kupokelewa.