Jinsi ya Kupima Msimamo wa Mgombea Udiwani wa Jiji Kuhusu Haki za Watu wa Rangi Zote na Maendeleo ya Mitaa

Mgombea wa baraza la jiji nchini Marekani anaposema kwamba anaamini usawa wa watu wa rangi zote, bado hajamwambia mpiga kura jambo lolote la kumsaidia kuamua, kwa sababu mpinzani wake naye huenda akatamka maneno hayohayo. Kinachosaidia ni kujua diwani ana mamlaka juu ya nini, kisha kumtaka mgombea aeleze atayatumiaje mamlaka hayo, kwa fedha zipi, na katika mitaa ipi.

Anza basi na mamlaka. Katika baadhi ya miji meya ndiye mwenye nguvu kubwa, na katika mingine baraza huajiri meneja anayeendesha shughuli za kila siku. Lakini karibu kila mahali baraza ndilo linalopitisha bajeti, kanuni za matumizi ya ardhi na mikataba mikubwa ya jiji. Shule, kwa upande mwingine, mara nyingi husimamiwa na bodi yake, na uhamiaji uko mikononi mwa serikali kuu. Mgombea anayetumia muda wake mwingi kuahidi mambo yaliyo nje ya baraza aulizwe kwa heshima ni kura gani ya baraza itakayotimiza ahadi hiyo.

Suala la ardhi lichunguzwe kuliko mengine yote, kwa kuwa ndipo ubaguzi ulipojichimbia. Mwaka 1917 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyotoka Louisville, ilibatilisha sheria za miji zilizowakataza watu weusi kuhamia mitaa ya weupe. Miji mingi ikashika njia nyingine, yaani kanuni zisizotaja rangi ya mtu lakini zinazodai viwanja vikubwa na nyumba ya familia moja tu kwa kila kiwanja, masharti ambayo mwenye kipato kidogo hawezi kuyamudu. Katika miaka ya 1930 shirika la mikopo ya nyumba la serikali kuu lilichora ramani ambazo ndani yake mitaa ya watu weusi ilipakwa rangi nyekundu, alama ya hatari kwa wakopeshaji, na wakala wa serikali wa bima ya mikopo ya nyumba, ulioanzishwa mwaka 1934, nao ukakwepa kudhamini mikopo katika mitaa ya namna hiyo. Sheria ya mwaka 1968 ilipiga marufuku ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba, lakini haikufuta kanuni za viwanja, na kanuni hizo ziko mikononi mwa baraza hadi leo. Baraza la Minneapolis, kwa mfano, lilipitisha mwaka 2018 mpango ulioruhusu hadi makazi matatu katika viwanja vilivyotengewa nyumba ya familia moja.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mgombea ni hili: je, utapiga kura kuruhusu nyumba za familia mbili au tatu katika kila mtaa wa jiji, ukiwemo unaoishi wewe? Kwa maoni yangu hakuna swali lenye uzito kuliko hilo, kwa sababu linamtaka aseme yuko tayari kuwakera wapiga kura gani. Akijibu ndiyo, mfuatilie kwa la pili: wapangaji wa mitaa maskini watalindwaje pale majengo mapya yatakapopandisha kodi ya nyumba? Maendeleo yanayowahamisha waliouvumilia mtaa miaka yote ya dhiki si maendeleo yao.

Sikiliza pia kama mgombea anatofautisha kugawa sawasawa na kugawa kwa haki. Kuipa kila kata kiasi kilekile cha fedha za barabara ni kugawa sawasawa, lakini kata iliyosahauliwa kwa miongo mitano itabaki nyuma vilevile. Mji wa Evanston, Illinois, ulichukua hatua iliyo wazi kuhusu jambo hili: mwaka 2019 baraza lake liliamua kutenga mapato ya kodi ya bangi kwa ajili ya fidia, na mwaka 2021 likaidhinisha mpango wa makazi wa dola 25,000 kwa kila mnufaika miongoni mwa wakazi weusi walioathiriwa na ubaguzi wa makazi mjini humo, pamoja na vizazi vyao. Unaweza kuupinga au kuuunga mkono, lakini unaona chanzo cha fedha, kiasi, na walengwa. Mwombe mgombea wako aeleze mpango wake kwa uwazi huo.

Kuhusu fedha, uliza habari za ruzuku ya maendeleo ya jamii ambayo serikali kuu huipatia miji tangu mwaka 1974. Kwa sheria, angalau asilimia 70 ya fedha hizo lazima iwanufaishe watu wa kipato cha chini na cha kati, na jiji linaloipokea moja kwa moja hutakiwa kufanya angalau mikutano miwili ya hadhara kwa mwaka kusikiliza wakazi. Mgombea ambaye hajawahi kuhudhuria hata mmojawapo ana kazi ya kueleza. Ikiwa tayari ni diwani, usitegemee vipeperushi vyake. Soma kumbukumbu za vikao uone alivyopiga kura, na taarifa za michango ya kampeni uone kama wajenzi wakubwa ndio wanaomfadhili.

Asiye raia ana haki ya kuuliza maswali haya yote, ila asijiandikishe kupiga kura kabla ya kuhakikisha kwamba sheria ya mahali pake inamruhusu, kwa maana kosa hilo linaweza kumfukuzisha nchini. Majibu unayopewa yaandike pamoja na tarehe, umsomee mgombea mwenyewe ayathibitishe, kisha uyahifadhi hadi siku baraza jipya litakapopigia kura bajeti yake ya kwanza.